Daftari, mikono, baraza au matembezi: tabia gani ya kibunifu itakufaa wewe

Hapa Mombasa watu wenye vichwa vya kuunda vitu ni wengi kuliko tunavyodhani. Wengine wako TUM, chuo kikuu cha ufundi pale Tudor, wasoma uinjinia, wengine ni mafundi simu wa Mwembe Tayari, wengine ni mama wa nyumbani ambao kila siku washika kitu jikoni na kusema hiki kingetengenezwa hivi kingekuwa bora zaidi. Na wengi hukwama pahali pamoja, ushauri ni mwingi mno. Huyu akwambia weka daftari, yule akwambia wacha kuandika shika spana, mwengine akwambia tafuta watu mpige bongo pamoja, na mwengine tena akwambia pumzisha akili wazo litakuja lenyewe. Wote wasema kweli na ndo shida ilipo, maana huwezi kuanza tabia nne siku moja, utazishika wiki ya kwanza halafu zitakufa zote pamoja.

Kwa hivyo hebu tuziweke ubavu kwa ubavu. Nitazipima kwa mambo yale yale: mwanzo, yakula pesa na nafasi kiasi gani. Pili, yataka muda wa aina gani, maana kuna mtu ana dakika tano tano tu na kuna mtu ana jioni nzima. Tatu, yakusaidia hatua gani, kuitafuta shida, kupata jibu au kulirekebisha jibu. Nne, yataka moyo gani, hapa naongelea mtazamo wa mtu. Na mwisho, yaharibika vipi ukiizidisha, kwa sababu kila moja ina ubaya wake na watu hawausemi.

Na ili tusiongee hewani tuchukue shida moja tuipitishe kwa zote nne. Tuseme kuna mama auza samaki wabichi kwenye ndoo kubwa, ameweka vipande vya barafu, na ikifika saa sita ya mchana na hili joto letu barafu yote imekuwa maji, samaki wa chini wamelegea na bei imeshuka. Wewe wataka kumtengenezea kitu.

1. Daftari: kutazama na kuandika

Hii ndo ya bei rahisi kuliko zote, daftari la shule na peni basi, au simu kama wewe ni mtu wa simu, ingawa mimi napendelea karatasi kwa sababu mchoro wa haraka kwenye simu wasumbua. Muda wake ni dakika chache chache, ukingoja feri Likoni, ukiwa ndani ya matatu, ukiwa kwenye foleni.

Watu wengi huikosea hapa: huandika mawazo, hawaandiki walichokiona. Ukurasa wa "ndoo ya kisasa ya samaki yenye sola" haukusaidii kitu. Ukurasa unaosaidia wafanana na huu: Jumamosi, saa sita kasoro. Barafu imekwisha. Maji yamefika nusu ya ndoo. Mama ameinamisha ndoo kumwaga maji, mkono mmoja ameuweka juu kuzuia samaki wasitoke. Mteja amekuja, amebonyeza samaki wa juu, akataka kuona wa chini. Mama amepangusa mkono kwa leso. Hapo hakuna wazo hata moja lakini tayari yapo maswali matatu ya kufanyia kazi, na hukuyatunga, umeyaona.

Tena usitazame shida peke yake, tazama na majibu ambayo watu washayapata kimya kimya. Mwangalie mtu wa mkokoteni akiteremka na mitungi ya maji ya lita 20 imepangwa mpaka juu. Kule nyuma pamefungwa kipande cha tairi kuukuu, akitaka kupunguza kasi huinua mikono yake kule mbele, mkokoteni unalalia nyuma, tairi linaburura kwa lami. Hiyo ni breki. Hakuna aliyeichora kwenye ofisi, haina spea ya kununua, na yaendeshwa na uzito wa mzigo wenyewe. Ukiandika vitu kama hivyo kwa miezi kadhaa utakuwa na ghala la mbinu ambazo siku moja utazichomoa kwa kazi nyengine kabisa.

Mfano mkubwa wa tabia hii ni wetu wenyewe, Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia kando ya mbuga ya Nairobi. Simba walikuwa wakila ng'ombe wa babake. Alijaribu moto, haukuzuia kitu. Akaweka sanamu la kutishia, simba wakaligundua kuwa halitembei. Halafu usiku mmoja akawa azunguka zizi na tochi mkononi, na usiku ule simba hawakuja, akaelewa kwamba simba waogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu la gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa za pikipiki na balbu za tochi mbovu, akatengeneza taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kana kwamba mtu atembea na tochi. Alikuwa na miaka kama 11. Siri yote iko kwenye kule kuona, vifaa vilikuja baadaye.

Moyo unaotakikana ni udadisi na subira, pamoja na ile hali ya kutokuwa na haraka ya kuonekana mwerevu. Ubaya wake ukizidi ni kwamba mtu anageuka mwandishi, ana madaftari matatu yamejaa na hajawahi kukata hata kipande cha boksi. Inamfaa mwenye muda wa vipande vipande, asiye na pahali pa kufanyia kazi, na zaidi ya wote inamfaa yule anayesema "mimi nataka kuvumbua lakini sijui nivumbue nini".

2. Mikono: kufungua, kuunda, kujaribu

Hii ndo ile ya "wacha maneno tujaribu". Kwa mama wetu wa samaki wachukua ndoo mbili kuukuu za rangi, za saizi moja ili zichomekane (zioshe mpaka rangi iishe kabisa, na hizi ni za majaribio tu, ya kuuzia itakuwa ndoo ya chakula). Ya ndani waitoboa matundu chini kwa msumari uliochomwa moto, katikati waweka vipande vitatu vya mbao ili ya ndani isikae chini kabisa, na ya nje waitia kibomba cha kutolea maji. Jioni moja imekwisha. Kesho yake waweka barafu sawa kwenye ndoo ya kawaida na kwenye ndoo yako, kivuli kimoja, watazama mpaka mchana.

Na hapo ndo mikono hukufundisha kitu ambacho kichwa peke yake hakingekwambia. Pengine utaona samaki wako wamebaki wakavu lakini barafu imeisha haraka kuliko ile ya ndoo ya kawaida, kwa sababu yale maji uliyoyakimbiza nayo yalikuwa baridi na yalikuwa yasaidia, na matundu yapitisha hewa ya moto. Sasa swali limebadilika, si "nitoe vipi maji" tena, ni "nimtenge vipi samaki na maji bila kupoteza baridi". Hilo swali la pili ni zuri mara kumi kuliko la kwanza na hungelifikia ukiwa umekaa kwenye kiti.

Watu wa tabia hii duniani ni wengi. James Dyson wa Uingereza alitengeneza mifano 5,127 ya mashine yake ya kunyonya vumbi isiyotumia mfuko mpaka akapata iliyofanya kazi. Ukisikia namba hiyo unaweza kuvunjika moyo lakini ukiifikiria vizuri yatuliza, maana yaonyesha kwamba kutopatia ni sehemu ya kazi ya kila siku. Na si lazima ujaribu kitu kizima. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliokuwa na duka la baiskeli, walipoona ndege zao zisizo na injini hazinyanyuki vile hesabu zilivyosema, mwaka 1901 walitengeneza sanduku refu la mbao lenye feni wakapuliza upepo juu ya vipande vidogo vya mabawa, maumbo kama 200, vingine vidogo vya kutosha kushika mkononi. Desemba 1903 wakaruka na injini. Lile sanduku liliwaokoa kuvunja ndege na mifupa kila wakitaka kujua jambo moja.

Pesa hapa zaenda, si nyingi ukiwa mtu wa kuokota na kuongea vizuri na watu wa skrepu, lakini zaenda. Nafasi ndo shida kubwa zaidi kwa sisi tunaokaa vyumba vya kupanga, jirani ukutani, mwenye nyumba hataki kusikia nyundo saa mbili usiku. Suluhu ambayo naiamini ni kujiegesha kwa fundi, wamsaidia kazi ndogo ndogo na jioni wapata pembe ya meza na vifaa, na juu ya hapo wajifunza. Muda wake nao ni wa masaa yaliyoshikana, dakika kumi hazitoshi hata kutafuta bisibisi. Na hala hala na usalama, usifungue kitu kimechomekwa kwa stima, tivi kuukuu zile za kichogo zaweza kukupiga shoti hata zikiwa zimezimwa, na betri la simu usilitoboe wala usilikunje.

Moyo wake ni kutoogopa kuharibu na kutojali kuonekana unacheza. Ubaya wake ni kuunda unda bila kujua waundia nani, chini ya kitanda pamejaa vitu na hakuna hata kimoja kilichoulizwa na mtu. Inamfaa fundi, mwanafunzi mwenye karakana, mtu ambaye akili yake huamka mikono ikishika kitu.

3. Baraza: kubishana na watu

Pwani hii tabia hatukufundishwa na mtu. Pita Mji wa Kale jioni utazame zile baraza za mawe nje ya nyumba, watu na kahawa tungu na kashata, mjadala unaanza na mpira unaishia kwenye siasa za dunia. Ubishi tunao. Kilichobaki ni kuupa kazi.

Wale ndugu Wright walikuwa wakibishana kwa sauti juu ya mabawa na pangaboi za ndege, na inajulikana kwamba mara nyengine wakibishana sana mwishowe walikuta wamebadilishana upande, huyu sasa atetea la yule na yule la huyu. Jaribuni hii barazani kwenu, wakati mmechoka kubishana kila mmoja alitetee wazo la mwenzake kwa dakika chache. Ni njia nzuri mno ya kulijua wazo lako limeoza wapi bila kuvunjiana heshima.

Faida nyengine ya baraza ni kukutanisha ujuzi ambao haukai kwa mtu mmoja. Lile jahazi la Flipflopi lilijengwa Lamu kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa, ubavuni limepambwa kwa ndara kuukuu za rangi rangi, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mtu anayejua plastiki peke yake hawezi kujenga jahazi, na fundi wa majahazi kama Ali Skanda aliyezoea mbao ilibidi ashughulike na kitu kinachopinda tofauti, kizito tofauti. Hata haya majiko yetu ya makaa yenye udongo ndani na bati nje, yalioenea Kenya kuanzia miaka ya 1980, mzizi wake ni jiko la Thailand, halafu mafundi wa bati na wafinyanzi wa hapa wakaligeuza likawa letu.

Lakini mtu wa kwanza kumuweka barazani ni yule mwenye shida, na hapo adabu ndo ufunguo. Usimwendee mama wa samaki na ndoo yako ukaanza kumfundisha kazi yake. Mwendee wakati hana wateja.

"Shikamoo mama. Samahani nakusumbua, hii ndoo wewe mwenyewe ungependa iweje?"

"Marahaba mwanangu. Mimi maji nishayazoea. Shida yangu ni inzi. Nikifunika mteja hamuoni samaki apita tu, nikifungua inzi wajaa."

Haya, jibu kama hilo laweza kuigeuza kazi yako yote kwa dakika mbili. Kitu kumbe chataka kifuniko kinachoonyesha ndani, na wewe ulikuwa wachoma matundu.

Gharama ni kahawa, na muda ni wa jioni au wikendi. Yataka moyo wa kukubali kukosolewa mbele za watu bila kununa, ambao si wote tunao. Na yaharibika kwa njia tatu. Moja, manahodha wengi chombo huenda mrama, kila mtu aongeza lake mpaka ndoo ya samaki inakuwa na redio. Ya pili, kwetu kijana hawezi kumpinga mzee waziwazi, kwa hivyo mzee akishasema la kwanza wote hufuata, bora wadogo waanze kusema na wazee wamalizie. Ya tatu ni siri. Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wako, hapa Kenya hutolewa na KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwandani, na hulinda kwa miaka 20, lakini sharti mojawapo ni kitu kiwe kipya, sasa ukikianika kila mahali kabla ya kuomba unaweza kujiharibia. Shida iongee na kila mtu, jinsi kitu chako kinavyofanya kazi ndani kwa ndani kiongee na unaowaamini mpaka umewauliza wenyewe KIPI.

Inamfaa mtu ambaye akikaa peke yake akili yalala, na yule ambaye ana nusu ya ujuzi na nusu nyengine iko kwa mtu. Kama huna kundi, vijana wengi wa teknolojia na sanaa hukutana Swahilipot Hub, pale karibu na Fort Jesus.

4. Matembezi: kuipa akili nafasi

Hii watu huiona kama uvivu na hilo si haki kabisa. James Watt mwaka 1763 alipewa mfano mdogo wa injini ya mvuke autengeneze, akagundua yala mvuke mwingi bure kwa sababu silinda ile ile ya moto ilikuwa yapozwa kila mzunguko halafu yapashwa tena. Alihangaika nayo sana. Mwaka 1765, Jumapili moja akitembea kwenye uwanja wa wazi mjini Glasgow, ndo ikamjia kwamba mvuke upozwe kwenye chombo chengine kando ili silinda ibaki moto wakati wote. Tazama miaka hiyo. Matembezi yalileta jibu lakini kichwa kilikuwa kishajaa, angetembea tu bila ile mihangaiko angerudi nyumbani na vumbi.

Kwa hivyo ukweli wa tabia hii ni huo, yafanya kazi baada ya kazi. Umetazama, umejaribu, umebishana, jibu laona haya. Hapo acha. Tembea pale ufuoni Mama Ngina jioni, simu iwe mfukoni na vidude vya masikioni vikae nyumbani. Si lazima hata kutembea, wanawake wengi hawana uhuru wa kuzurura jioni au hawajisikii salama, na kazi yoyote ya mikono iliyozoeleka yafaa vile vile, kusuka ukili, kukanda unga wa mahamri, kufua. Mwili uko na shughuli, akili iko huru. Jambo moja tu, ukirudi liandike hapo hapo, mawazo haya hupotea upesi mno.

Haili pesa. Moyo wake ni utulivu na kuamini kwamba si kila saa lazima uonekane wafanya kitu. Ubaya wake wajulikana, mtu aweza kusubiri wazo mwaka mzima. Inamfaa aliyechoka, aliyefanya mengi na amekwama sehemu moja. Anayeanza leo asianze na hii.

Sasa wewe uko wapi

Kama huna wazo lolote na pesa huna, anza na daftari, chagua pahali pamoja unapopita kila siku, soko la Kongowea au stejini kwenu, na uandike pahali hapo tu kwa mwezi mzima badala ya kurukaruka.

Kama wazo unalo miaka na hujagusa kitu, daftari lifunge. Wewe wataka mikono, na wataka mfano wa ovyo kabisa wa boksi na gundi uliokwisha wikendi hii, usisubiri mpaka upate vifaa vizuri.

Kama ushaunda kitu, chafanya kazi, lakini watu hawakitaki, usikiongezee kitu kabla ya kukaa na wanaotakiwa kukitumia. Na ukae kusikiza, si kuuza.

Kama mko kundi na mwabishana kila siku hamfiki popote, pungueni. Wawili washike kazi ya mikono, mmoja ashike daftari, mkutane mara moja kwa wiki mkiwa na kitu mezani cha kushikika.

Mama mwenye watoto na biashara, muda wake wote umekatika katika, naona daftari na kazi za mikono alizozizoea zitamfaa kuliko kuambiwa atafute karakana, halafu mikono aazime, apate kijana wa fundi amkatie na kumtobolea huku yeye akielekeza.

Mwanafunzi mwenye mashindano ya sayansi na wiki chache tu zimebaki, baraza siku moja na mwalimu na mtumiaji wa kweli, siku zilizobaki zote mikono, na kila jaribio uliandike hata lililokataa, majaji huuliza hayo kwanza.

Na mwenye kazi ya kuajiriwa anayerudi saa mbili usiku amechoka, usijilazimishe spana usiku. Tazama na uandike njiani, weka Jumapili asubuhi moja ya kujaribu kitu kimoja, na safari ya kwenda kazini iwe ndo matembezi yako.